Fundi, pima shene mbele ya kupokea franka

Hapa Kalemie kinga ndiyo gari la familia nyingi zilizokimbia vita. Inabeba makala, mihogo, hata mgonjwa. Ndiyo maana inaniuma kuona fundi anamuuzisha mtu mwenye pinyo nene shene nyembamba ya kinga za vitesi.

Ndani, shene nyembamba ina nafasi ya milimita 2,4 hivi. Ile pana ina 3,2. Toka jino hadi jino umbali ni mmoja, basi macho yanadanganyika. Shene pana juu ya pinyo nyembamba inatembea, pengine na kelele kidogo, kwa hiyo usikubali kuambiwa ununue vyote vipya. Lakini nyembamba juu ya pinyo nene haikai: inapanda juu ya meno na kuruka. Na kama breki yako ni ile ya kurudisha pedali nyuma, shene ikitoka kwenye mteremko, na mfuko wa makala mgongoni mwa kinga, breki nayo imekwenda.

Kuna mafundi wanaopiga meno tupa ili shene iingie. Mimi nakataa. Pinyo imeharibika, na mama aliyelipa hana nyingine. Fundi avike shene, azungushe pedali mbele ya mwenye kinga, ndipo apokee franka.