KIVULI CHA ALIYECHUMIA JUANI

Watoto wetu tumewalea kwa methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ni mafundisho mema. Lakini leo wako vijana wengi waliochumia juani miaka yote ya masomo yao, na kivuli hawakioni. Asubuhi hutoka na vyeti mkononi, jioni hurudi navyo. Twauliza: kijana wa namna hii afikiri nini moyoni mwake?

Njia ni mbili, na zote zina hatari. Akiamini kwamba dunia humlipa kila mtu kwa stahili yake, atajihukumu kuwa hafai, aone haya mbele ya watu, ajifungie chumbani. Akiamini kwamba haki haipo, atakata tamaa au atajaa chuki. Mtaalamu Melvin Lerner alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1980 jinsi watu wapendavyo kuamini kuwa dunia ina haki, hata wakamlaumu aliyepatwa na msiba usio kosa lake. Na huko Marienthal, nchini Austria, kiwanda cha nguo kilipofungwa, wachunguzi waliandika mwaka 1933 kwamba wasio na kazi walikuwa na wakati tele, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani. Mwili ulipumzika, moyo ulichoka.

Kwa hiyo twawaomba wazazi na majirani waache kumwita mvivu kijana ambaye hawajui amegonga milango mingapi.

Walakini maneno matamu hayatoshi. Afya ya akili ya kijana hailindwi kwa kumwambia kuwa haki ipo, bali kwa kumwonyesha. Mwanachama huahidi kwamba cheo ni dhamana, wala hatakitumia kwa faida yake. Basi ofisa ampaye mpwawe nafasi iliyotangazwa kwa wote hakuiba kazi moja tu. Amevunja imani ya wote walioiomba. Nafasi zitangazwe waziwazi, kila barua ya maombi ijibiwe, na aliyekosa aelezwe sababu.

Kijana aliyekosa kazi kwa haki aweza kurudi kujaribu tena. Aliyedhulumiwa huenda asirudi kamwe. Nasi tuliokwisha kupata kivuli, tusiwe wa kwanza kusema kwamba jua si kali.