Mahari Yako Isizame na Mashua



Huku kwetu Rasbura, bibi harusi hajamaliza fungate, mume ameshaomba: "Mke wangu, nipe ile mahari tununue mashua. Imetumika kidogo tu, bei nzuri." Kumpa si kosa. Mahari ni mali yako, Surat An-Nisaa aya ya 4 imeweka wazi, na ukimpa kwa ridhaa yako ni halali kwake. Ila usitoe hata shilingi kabla chombo hakijapandishwa pwani.

Ikiwa majini kila mashua ni nzuri, na rangi mpya huficha mengi. Subirini maji yapwe, muilaze mchangani, mje na fundi wenu, si wa muuzaji. Agonge ubao mmoja mmoja: mzima hutoa mlio mkavu, uliooza hutoa mlio mzito. Achome kisu karibu na mkuku na kwenye maungio, atafute vitundu vya wadudu wa baharini, atazame kama pamba ya kalafati imeoza. Boti ya faiba, panapobonyea ndipo penye ugonjwa.

Wapo wasemao mke kuuliza hivyo ni kumkosea mume adabu. Mimi sikubali. Fedha ni yako, na anayekwenda kukesha baharini ni baba wa wanao. Dini yetu imemkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, na aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Lakini chombo kikishazama, utarudisha nini?

Uliza mapema, mpenzi. Allah atujaalie riziki yenye salama. Amin.