Kura ya Taifa si Muhuri wa Kugonga

Mwezi Septemba 2007 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 51 zilizosema ndiyo kwa muundo wa nyaraka za kompyuta uitwao Office Open XML, uliobuniwa na kampuni ya Microsoft na kupelekwa kwenye Shirika la Kimataifa la Viwango kupitia chama cha Ecma. Waraka wenyewe ulizidi kurasa 6,000. Nchi zilipewa miezi mitano kuuchambua.

Kura hizo hazikutosha. Februari 2008 wajumbe walikutana Geneva kwa siku tano, mbele yao hoja zaidi ya 1,000. Nyingi ziliamuliwa kwa mkupuo bila mjadala. Mwezi uliofuata muundo ukapita. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufani, nazo zikatupwa. Sweden ilikuwa imekwisha kuibatilisha kura yake ya mwaka 2007, ilipobainika kwamba mwanachama mmoja alipiga zaidi ya mara moja.

Mwalimu wa Kata ya Chunyu, wilayani Ruangwa, aweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu sana. Orodha za wanafunzi na mihtasari ya vikao vya kijiji, zikishaingia katika kompyuta, huhifadhiwa kwa muundo fulani, na muundo ukiwa mikononi mwa kampuni moja hakuna hakika kwamba zitafunguka miaka thelathini baadaye. Daftari halina adha hiyo, ila mchwa.

Wazee wa Nachingwea wanaijua haraka ya wataalamu. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza uliikagua Tanganyika kwa wiki tisa tu, kwa sehemu kubwa kutoka angani, ukashauri yalimwe mashamba makubwa ya karanga. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza paundi milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo ikaja kung'olewa.

Shirika la Viwango Tanzania liliundwa mwaka 1975 kwa sheria ya nchi, na kura yake katika mabaraza ya dunia ni kura ya wananchi. Yafaa basi kila kura ya namna hiyo itanguliwe na taarifa ya wazi: ni nani walioketi katika kamati, wamesoma nini, na yupi kati yao anauza bidhaa inayopigiwa kura. Walimu na watunza kumbukumbu waitwe katika vikao hivyo. Muda usipotosha, mjumbe wa Tanzania na aagizwe kutopiga kura.