Mtoto Ana Mawazo, Kipindi Hakipo

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shemdoe

Jumamosi ya kutembelea wanafunzi nilifunga hotpoti ya pilau, chupa ya pilipili ya kusaga na karanga za kukaanga, nikaenda kumwona mtoto wa kaka yangu, kidato cha tatu, shule ya bweni. Nimezoea akiniona ananirukia hata sijamaliza kumlipa bodaboda. Safari hii alikuja taratibu, "Shikamoo shangazi," akakaa. Pilau akaichokoachokoa kama anayetafuta mawe. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu akiangalia viatu: "Hamna kitu, shangazi. Silali vizuri tu."

Nikamtafuta matroni. Mama mpole, mtu mzima, ana mabinti zaidi ya mia chini ya paa moja. Hakusita: "Huyo ana mawazo tu, mama. Atazoea."

Ana mawazo. Daktari atasema sonona, au wasiwasi uliopitiliza. Sisi tunasema ana mawazo, na kila aliyepo anaelewa: usingizi umeruka, chakula hakishuki, moyo mzito. Maradhi tunayajua, tena kwa jina la nyumbani. Tatizo letu ni kwamba tukishayataja tunajifuta mikono, kama vile kumtaja mgonjwa ndiko kumtibu.

Nikauliza mwalimu wa ushauri nasaha yuko wapi. Yupo. Kijana mchangamfu, anafundisha Hesabu vipindi ishirini na nane kwa wiki, na chumba anachotumia ni cha mwalimu wa nidhamu. Ukutani kuna ratiba ya shule. Kwenye kona zimeegemea fimbo tatu. "Mama, nikwambie ukweli," alisema, "tangu mwaka uanze waliokuja wenyewe ni wawili. Wengine huletwa." Huletwa, yaani wamekosea. Nikazitazama zile fimbo, nikawaelewa wasiokuja.

Simlaumu kijana huyu. Ana kazi mbili, na moja tu ndiyo imepewa saa. Vipindi vya Hesabu vinaonekana kwenye ratiba, vinakaguliwa, vina mtihani mwisho wake. Ushauri nasaha umeandikwa kwenye karatasi ya mlangoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la wanafunzi hamsini, hao ni kama saba. Wanakaa pale pale, wanavaa sare ile ile, wanaitika jina asubuhi.

Shirika hilo hilo lina dodoso ambalo wanafunzi wa nchi nyingi hulijaza wenyewe bila kuandika jina. Mwaka 2006 lilipita Dar es Salaam, na mwaka 2014 likaja tena nchini. Ndani yake kuna maswali ya afya tuliyoyazoea: unapiga mswaki mara ngapi, unanawa mikono kabla ya kula, umewahi kuvuta sigara, umewahi kunywa pombe. Halafu, kwenye karatasi hiyo hiyo, mtoto anaulizwa mengine. Mara ngapi umejiona mpweke? Mara ngapi umekosa usingizi kwa sababu ya wasiwasi? Una marafiki wa karibu wangapi? Wazazi au walezi wako huzielewa shida zako?

Waliotunga maswali hayo hawakuchanganya mafaili. Mtoto anayekesha na wasiwasi asubuhi yuko darasani kwa mwili tu. Asiyekuwa na rafiki humkubali yeyote atakayemwita, hata kama anaitwa nyuma ya mabafu kwenda kuonja kitu cha "kutuliza kichwa". Sigara, upweke na alama za mtihani vinalala kitanda kimoja, nasi tunavitafutia wizara tatu, semina tatu na mabango matatu.

Wengine wenye uhaba kama wetu wamefanya nini? Tuanzie Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amesimulia mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia ilitaka kumleta hospitali, ikakosa nauli. Nauli! Daktari akatambua kwamba ubingwa wake umekaa mwisho wa safari ambayo watu wengi hawawezi kuilipia. Mwaka 2006 akaanza kazi katika kitongoji cha Mbare na akina bibi 14 waliokuwa wakihudumia afya ya jamii. Aliwafunza namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia alikamate tatizo moja badala ya kulemewa na yote kwa mpigo. Mahali pa kazi palikuwa benchi la mbao, nje ya zahanati, chini ya mti.

Mwanzoni lile benchi liliitwa la afya ya akili. Watu wakalikwepa, nani akae hapo majirani wamwone? Ndipo bibi wakamwambia daktari abadilishe jina. Likaitwa kwa Kishona chigaro chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri. Mswahili ukilisikiliza vizuri neno hilo huhitaji mkalimani: kupana kwao ni kupeana kwetu. Na maradhi yenyewe wanayaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kumbe na Harare watu huwa na mawazo. Wenzetu walipolitamka neno hilo, waliweka kiti.

Kiti hicho kimepimwa. Desemba 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, katika kundi lililopata huduma ya kawaida, nusu bado walikuwa na dalili za sonona. Katika kundi lililokaa na bibi kwenye benchi, walikuwa asilimia 14. Sisi wa pwani hatukupaswa kushangaa. Bibi yangu Pangani alikuwa na baraza ya mawe mbele ya nyumba, na sijawahi kuona mtu aliyekaa pale akaondoka na uzito ule ule aliokuja nao. Hata safu hii imeazima jina lake hapo. Nyumba tunazojenga siku hizi zina geti na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Baraza tumeifuta kwenye ramani.

Mtasema hao ni watu wazima na bibi zao, shule ni habari nyingine. Basi tuvuke Horohoro, tuingie Kenya. Mkenya Tom Osborn na wenzake wametunga mafunzo ya wanafunzi wa sekondari wakayapa jina la Kiswahili: Shamiri. Ni vikao vinne, saa moja kwa wiki, katika vikundi vidogo. Viongozi wake hawana shahada ya saikolojia. Ni vijana wa miaka 17 hadi 21, wamemaliza sekondari juzijuzi, wakapewa mafunzo mafupi na kuwekewa wasimamizi. Hapo haulizwi mtu anaumwa nini. Wanaanza na somo la kubadilika: kwamba akili na tabia hazikumwagwa zege, na aliyekwama leo hakuzaliwa amekwama. Kisha wanafundishwa kushukuru, hata kwa jambo dogo. Mwisho kila mmoja anachagua anachokithamini maishani, anakiandika, anapanga namna ya kukiishi.

Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusu wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata Shamiri; jingine likafundishwa mbinu za kusoma, kwa muda ule ule, na vijana wa aina ile ile. Makundi yote mawili yalipata nafuu, la Shamiri likapata zaidi, na miezi saba baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana.

Mimi lile kundi la pili ndilo limenikalia kichwani. Hawakuguswa habari za moyo; waliambiwa namna ya kupanga ratiba na kuandika muhtasari, na bado walipata ahueni. Mtafiti makini ataniambia huenda baadhi yao wangepona wenyewe kwa kupita siku, na sitabishana naye. Ila nina shangazi ndani yangu anayeamini kwamba saa moja kwa wiki ya kukaa na kaka au dada anayekujua jina ina dawa yake.

Sasa tujitazame. Kila Novemba maelfu ya vijana wetu humaliza mtihani wa kidato cha nne, na watakaochaguliwa kidato cha tano huripoti shule Julai. Wa kidato cha sita humaliza Mei, vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Baadhi yao huitwa JKT, waliobaki wako mtaani. Ukiwauliza wanafanya nini watakwambia wanasubiri matokeo. Tunawasema kwamba wanashinda kwenye simu. Umri wao ni ule ule wa vijana wa Shamiri, na wameyapitia mabweni hayo hayo, uji ule ule wa asubuhi, hofu ile ile ya mtihani wa moko. Nani anaijua njia ya kidato cha tatu kuliko aliyeitoka jana?

Ninachoomba ni kidogo. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, kiandikwe kwenye ratiba kama Jiografia ilivyoandikwa, na kisiliwe. Nasema kisiliwe kwa sababu vipindi vya dini na michezo navyo vimeandikwa, na mitihani ikikaribia huwa vya kwanza kumezwa na marudio. Kila shule ipewe vijana wawili au watatu kati ya hao wanaosubiri, wafunzwe, wapewe nauli na posho ya chakula. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi vya somo lake ili awasimamie. Na mafunzo yenyewe yapimwe hapa kwetu kabla ya kuyatawanya nchi nzima, maana kilichofaa Kiambu si lazima kifae Kibondo.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliposikia hoja hii alicheka hadi kikombe cha kahawa kikamwagika. "Mtoto ampe mtoto mwenzake siri? Jioni iko sokoni!" Ana haki ya kuogopa. Lakini katika vikao vya namna hii mtoto halazimiki kutoa siri. Anaandika yake, anasema anachotaka. Yale mazito, aliyeguswa vibaya, anayetaka kufa, yawe na njia yake iliyonyooka: siku hiyo hiyo yafike kwa msimamizi, kwa afisa ustawi wa jamii, hospitali. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo, na kupiga ni bure. Kijana wa miaka 19 hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa ajue mlango wa daktari uko wapi.

Kuna jambo moja ambalo dakika 40 hazitaweza kulifuta, nalo ni zile fimbo za kwenye kona. Kanuni zetu za mwaka 1979, zilivyorekebishwa, bado zinaruhusu hadi viboko vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, viandikwe kwenye daftari. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Uganda, wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 ziliingizwa kwenye utafiti wa mpango wa shirika la Raising Voices unaowafundisha walimu na wanafunzi kuendesha shule bila kupigana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika shule zilizopata mpango huo, uwezekano wa mwanafunzi kuumizwa na mtumishi wa shule ulipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na shule zilizokuwa bado zinasubiri zamu. Mjadala wa kiboko ni mrefu na sitaumaliza leo. Nasema hili tu: mkono ulioshika fimbo hauwezi kushika siri. Kama hatuko tayari kuviondoa viboko, angalau tumwondoe mshauri kwenye chumba vinakohifadhiwa.

Nirudi kwa mwanangu. Baada ya kutoka kwa mwalimu nilikaa naye kwenye mzizi wa mwembe hadi kengele ya saa kumi. Sikumhoji. Tulikula karanga. Muda mrefu hakusema kitu, kisha akasema, na aliyoyasema ni yake. Jambo moja tu nimemwomba ruhusa nilirudie hapa. Alisema, "Shangazi, hapa kila anayeongea na sisi anaongea amesimama."

Nilipokuwa naaga nilimsimulia mwalimu wa Hesabu habari za bibi wa Mbare. Akaniuliza, nusu utani, benchi kama lile linagharimu kiasi gani. Jumatatu nikapita kwa fundi seremala wa mtaani kwetu. Mbao za kawaida, kukaa watu watatu, na vanishi: shilingi elfu themanini. Nimelipa. Jumamosi ijayo litapelekwa na bajaji ya mizigo, na mwalimu ameahidi kuliweka chini ya ule mwembe, mbali na chumba cha nidhamu.

Benchi nimeliweza. Kipindi fundi seremala hakitengenezi. Wanaopanga ratiba wanajijua, na fomu zao za mwaka ujao ziko njiani.