Paneli bila fremu ni hasara

Siku hizi ukipita Makamba au Nyanza-Lac utaona paneli za sola juu ya nyumba za sisi tuliorudi kutoka Tanzania. Ni jambo la kupongeza. Lakini tazama zilivyofungwa: nyingine kwa waya tu, nyingine zimegandamizwa kwa mawe. Upepo ukiingia chini, paneli huruka na bati lake. Fundi mwingine hupiga msumari kwenye bonde la bati, ambako ndiko maji yapitako. Mvua ya kwanza tu, mahindi ndani yamelowa.

Fremu ishikwe kwa bolti zenye washa za mpira, zipite kwenye mgongo wa bati hadi kwenye papi. Chini ya paneli iachwe nafasi ya sentimita 10 hivi, hewa ipite, maana joto hupunguza umeme. Nasi tuko kusini mwa ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Paa likiwa la miti dhaifu, afadhali nguzo uani.

Ndugu wafanyabiashara mnaopita Manyovu na Mugina, msituletee paneli peke yake. Leteni na fremu na bolti zake, nasi wanunuzi tusiikwepe gharama hiyo. Rahisi huvunja upishi.