Mzee wa Futikamba

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, tulimsindikiza hadi makaburi ya Kisutu mzee mmoja ambaye wasomaji wengi wa ukurasa huu hawakumjua kwa jina, ingawa yumkini mama zao waliwahi kujifunga nguo iliyopita chini ya macho yake. Familia yake imeturuhusu tumwandike kwa sharti moja, nalo ni kwamba tusimtaje. Wametueleza kuwa mwenyewe hakupenda kusifiwa mbele za watu alipokuwa hai, nao hawaoni sababu ya kumfanyia asichokipenda kwa kuwa sasa hawezi kukataa. Tumeliridhia sharti hilo. Basi tutamwita kwa lakabu aliyopewa na wafanyakazi wake, Mzee wa Futikamba.

Marehemu alikuwa mmoja wa vijana walioingia viwandani mara baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati nchi yetu ilipokuwa ikijenga viwanda vya nguo ili pamba ya Mwanza na Shinyanga isiendelee kusafirishwa ghafi na kuturudia ikiwa vitambaa. Ndiyo miaka ile kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Yeye alianza katika kiwanda kingine cha umma akiwa fundi wa mitambo ya kufumia, akapelekwa Bolton, Uingereza, mji uliokua kwa pamba, na aliporejea akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa meneja mkuu. Alistaafu mwaka 1997. Amefariki akiwa na umri wa miaka 78, akiacha mjane, watoto watano na wajukuu wengi.

Lakabu yake ilitokana na futikamba aliyoitia mfukoni kila siku ya kazi. Wakati wowote, bila taarifa, aliingia ghalani, akachagua jora moja, akalikunjua na kulipima mwenyewe. Likipungua hata nusu yadi, jora hilo halikutoka mpaka limeandikwa upya kwa kipimo chake halisi. Wapo waliomcheka wakisema kuwa meneja mzima anafanya kazi ya karani. Jibu lake lilikuwa kwamba mnunuzi aliye kijijini hana futikamba, ana imani tu. Tunayasoma hayo katika Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, lakini wengi wetu huidhania kuwa ni sura ya wauza nafaka sokoni. Mzee huyu aliisoma kama barua iliyoandikwa kwa meneja wa kiwanda.

Msomaji kijana atahitaji kuelezwa jinsi mtihani wa amana ulivyokuwa mkubwa katika miaka ile. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri havikupatikana, na mitambo mingi ilisimama. Khanga, vazi la kila mama, ikawa bidhaa ya mgao na ya foleni. Katika hali hiyo, karatasi ndogo yenye saini ya meneja wa kiwanda cha nguo ilikuwa na thamani kuliko mshahara wake wa mwezi. Wapo walioziandika karatasi hizo kwa wingi, na nyumba zao zikapanda ghorofa.

Mjane wake, ambaye tulikwenda kumpa mkono wa pole, alitusimulia jambo hili kwa tabasamu lililochanganyika na machozi. "Watu walidhani nimeolewa na khanga," alisema. "Kumbe nilikuwa nikiamka alfajiri kupanga foleni ya duka la ushirika kama wenzangu, na siku nyingine zinakwisha kabla zamu yangu haijafika."

Mwaka 1982 dada yake marehemu aliolewa. Ndugu wakamjia wakitaka doti kadhaa kwa ajili ya mashangazi na makungwi, wakiamini kuwa kwa mtu kama yeye hilo ni jambo dogo. Alikataa. Alitoa doti mbili tu, mgao wake mwenyewe aliokuwa akiupata sawa na wafanyakazi wengine. Maneno yalikuwa makali, na kwa miaka mitatu baadhi ya ndugu hawakukanyaga kwake.

Hapa tungeweza kuhitimisha kwa kusema kuwa alishinda mtihani, kisha tukaenda zetu. Lakini mjane alitutaka tuandike na yaliyofuata. Baada ya miaka hiyo mitatu, mzee alimchukua mkewe wakaenda Tanga kwa shangazi yake mkubwa kuomba radhi. Hakuomba radhi kwa kukataa, maana mali ile haikuwa yake. Aliomba radhi kwa namna alivyokataa, kwa kuwa aliwaaibisha wakubwa wake mbele ya wageni, kwa sauti ya mtu aliyejiona bora kuliko wao. Shangazi alimsikiliza, akamkaribisha chakula, na undugu ukaungwa. Tumelitafakari sana hilo. Mara ngapi tunasimama katika haki, kisha tukaiharibu haki hiyo kwa kiburi cha kuwa nayo?

Ilipofika miaka ya 1990, bidhaa za nje na mitumba zilikuwa zimejaa sokoni, na mashirika ya umma yakawa yanauzwa moja baada ya jingine. Wafanyakazi waliotumia nguvu za ujana wao kwenye mitambo ile walirudishwa nyumbani, na wengi walisubiri mafao yao kwa miaka. Mtu akienda kudai huulizwa ushahidi, naye barua ya ajira imeliwa na mchwa. Mzee alikuwa na daftari lake binafsi, alilolianza akiwa msimamizi wa zamu, lenye majina ya aliofanya nao kazi na mwaka aliowakuta. Kila Jumamosi asubuhi alikaa barazani kwake Magomeni, akawaandikia barua za kuthibitisha utumishi wao, moja moja, kwa mkono wake. Hakutoza hata senti ya kalamu. Baadhi ya barua hizo zilisaidia, nyingine hazikusaidia, na baadhi ya waliozichukua walitangulia mbele ya haki kabla ya kulipwa. Siku ya maziko tuliwaona wazee waliokuja kwa daladala kutoka pembe za mbali za jiji, wakisimama nyuma ya safu bila kujulikana na yeyote. Hao walikuwa watu wa daftari.

Pamoja na hayo, hatuandiki maisha ya malaika. Siku ya tatu ya msiba, mwanawe mkubwa, ambaye sasa naye ni baba wa watu wazima, alisema neno lililowanyamazisha waliokuwapo: "Mimi baba yangu nilimfahamu nikiwa na miaka thelathini." Akaeleza kuwa utotoni mwao baba alitoka kabla hawajaamka na kurudi wamelala. Hata Sikukuu ya Idi aliswali, akawapa watoto mkono, kisha akaelekea kiwandani, kwa kuwa siku za mapumziko ndizo mitambo ilipozimwa ikafanyiwa matengenezo. Kanzu za Idi mama ndiye aliyenunua, karo mama ndiye aliyepeleka, na taarifa za shule mama ndiye aliyesaini. Baba aliyejua urefu wa kila jora hakujua watoto wake wako darasa la ngapi.

Mwaka aliostaafu, marehemu aliwaita watoto wote sebuleni, akawaambia kuwa amewakosea, na kwamba kutafuta riziki ya halali ni ibada lakini hakumpi mtu ruhusa ya kuitupa amana nyingine aliyokabidhiwa. Akawaomba wamsamehe. Mwana mkubwa anakiri kuwa hakuweza kujibu siku ile. Ilimchukua miaka miwili. Katika miaka hiyo baba hakumsukuma. Alikwenda tu kila jioni kumchukua mjukuu wake madrasa, akamrudisha mpaka mlangoni, akasalimia na kuondoka. Siku moja mwana akamwambia, "Baba, ingia ule." Samahani yenyewe ilikuwa hiyo.

Ndugu zetu wanaume, hasa mnaosoma ukurasa huu mkiwa bado katika pilikapilika za kazi, neno hili ni lenu na ni letu. Si kila mmoja atapewa miaka ishirini na kitu ya kustaafu ili aje alipe deni la namna hiyo.

Kuna la mwisho ambalo familia imetutaka tulieleze kwa manufaa ya wengine. Mzee aliacha karatasi mbili. Ya kwanza iliorodhesha madeni yake, pamoja na fedha kidogo alizodaiwa na seremala aliyemtengenezea kitanda. Tunajua kuwa Mtume (Rehema na amani zimshukie) aliwahi kujizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipoubeba mzigo huo. Deni la seremala lililipwa kabla ya jeneza kutoka. Karatasi ya pili ilikuwa wasia, ambao haukuvuka theluthi ya mali na haukumpendelea mrithi yeyote. Kilichobaki alielekeza kigawanywe kama Sura An-Nisaa inavyoelekeza: madeni na wasia vitangulie, kisha kila mrithi apewe fungu lake, na mjane apewe thumni yake bila kuombwa aisamehe.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa tumeona mengine. Tumeona shemeji akiulizia funguo za gari kabla ya tanga kuanuliwa, na mjane akiombwa hati ya nyumba ilhali miezi minne na siku kumi za eda hazijafika hata nusu. Karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono zimeiepusha familia hii na fedheha hiyo. Ewe msomaji, zako ziko wapi?

Tulipokuwa tukiaga, mjukuu mdogo alitushika mkono, akatupeleka kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha babu yake. Umejaa mistari ya penseli, kila mmoja una jina na tarehe. Kila Idi, kabla ya kuwakatia kitambaa cha kanzu na magauni, mzee aliwasimamisha hapo wajukuu wote, akawapima kwa futikamba ile ile ya kiwandani na kuandika. Mstari wa mwisho ni wa Idi iliyopita. Mtoto alituuliza ni nani atakayewapima Idi ijayo. Mwana mkubwa, aliyekuwa nyuma yetu, alijibu kuwa futikamba anayo yeye.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, amsamehe alipokosea, aipanue kaburi yake, na awape subira aliowaacha. Amin.