Fundi Si Nyundo



Matajiri hupenda kusema: kazi ikipungua watu waende, ikirudi watu watapatikana. Ati mtu ni kama nyundo, huwekwa stoo. Tazameni yaliyowapata Waingereza.

Mjini Barrow ndiko zinakoundwa manowari zao za chini ya bahari. Mwaka 1990 kiwanda kile kilikuwa na watu zaidi ya 14,000. Mwaka 1995 walibaki chini ya 6,000. Pamoja na wachoma vyuma walitoka wachoraji, wale wanaopiga hesabu za meli kabla chuma hakijaguswa. Wengine walistaafu, wengine walishika kazi nyingine, na vijana walioingizwa walikuwa wachache.

Mwaka 1997 serikali ikaagiza manowari mpya, Astute. Hapo ikaonekana kwamba stoo ni tupu. Kazi ilichelewa, gharama zikapanda, na mwaka 2003 ikabidi kuita mafundi wa Electric Boat kutoka Marekani. Manowari iliyotazamiwa mwaka 2005 ilianza kazi mwaka 2010. Fedha waliyodhani wameiokoa ilitokea mlango mwingine.

Ujuzi wa kuchora meli haukai katika makaratasi peke yake. Umo vichwani, na mzee humpa kijana wakiwa kazini pamoja. Wakikosana miaka michache tu, kamba imekatika.

Basi tunapodai wanagenzi waandikwe na mafundi wasitupwe, hatuombi sadaka. Tunalinda mali ya nchi. Wakubwa wakibisha, waulizeni habari za Barrow.